Dar hadi Mwanza kwa Baiskeli, Peke Yako: Majibu kwa Wasomaji

Barua za mara hii zimefika nyingi kiasi cha kujaza ukurasa, kwa hiyo hatuchanganyi na mada nyingine. Zote zinahusu njia moja: Dar es Salaam hadi Mwanza, takriban kilomita 1,150 za lami, mtu mmoja na baiskeli yake. Mtu mwenye afya njema akijizoeza kwa miezi miwili anaimudu. Wanaoishia kupakia baiskeli kwenye basi katikati ya njia mara nyingi hawakushindwa na miguu. Wameshindwa na gurudumu la nyuma, au na jua la saa saba mchana.

SWALI: Mimi ni mwalimu, nina likizo ya Juni. Nataka kuanzia Mwanza ili nimalizie baharini. Nitatumia siku ngapi, na je, kuna ubaya kuanzia huku? – Mwalimu, Kahama

JIBU: Mwalimu, mwezi umeuchagua vizuri, ila geuza safari. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo ni wa kusi, na huko bara, hasa Dodoma na Singida, unavuma kutoka mashariki na kusini-mashariki, tena kwa nguvu kuanzia saa nne asubuhi. Anayetoka Dar kwenda Mwanza anaelekea kaskazini-magharibi, hivyo upepo unamsukuma mgongoni. Anayetoka Mwanza anaupokea usoni karibu njia nzima. Kwenye tambarare za Singida tofauti hiyo ni kati ya kilomita 18 kwa saa na kilomita 11 kwa saa kwa jasho lile lile. Panda basi na baiskeli yako hadi Dar, uone bahari kwanza, kisha uendeshe kurudi nyumbani.

Usitoke Dar kwa barabara ya Kibaha. Kipande cha Dar hadi Chalinze kinabeba magari mengi ya Tanga, Arusha, Mbeya, Zambia na kanda ya ziwa kwa pamoja, na kwenye mizani ya Vigwaza malori hupimwa kisha hutoka yakiwa yameongozana. Pita Bagamoyo. Siku ya kwanza ni takriban kilomita 65 hadi 70. Siku ya pili unakata kushoto kwa barabara ya Msata, kilomita 64 za lami yenye magari machache zaidi, kisha kutoka Msata unashuka kusini karibu kilomita 40 hadi Chalinze. Utaongeza siku moja, na siku hiyo ina thamani.

Kutoka Chalinze hadi Morogoro ni kilomita 85 hivi. Morogoro hadi Dumila ni 65 tu, na tunakusihi ulale hapo hata kama unajisikia una nguvu, kwa sababu baada ya Dumila barabara inapanda kuelekea Gairo, na kilima hicho kinatakiwa kipandwe saa 12 asubuhi, si saa 6 mchana. Gairo hadi Dodoma ni takriban 130, na Kibaigwa, penye soko kubwa la mahindi, ni mahali pazuri pa kugawa safari. Pumzika siku nzima Dodoma.

Dodoma hadi Manyoni ni kama 125. Hiyo ndiyo siku ngumu kuliko zote: unashuka hadi kwenye bonde la Bahi, joto linaongezeka, halafu unapanda ukuta wa Bonde la Ufa pale Saranda ukiwa umeshachoka. Ukiweza, lala Bahi au Kintinku. Manyoni hadi Singida ni kama 120, Singida hadi Shelui kama 110, Shelui hadi Nzega 100, Nzega hadi Shinyanga 80. Kipande cha mwisho, Shinyanga hadi Mwanza, ni 165. Kigawe mara mbili. Jumla weka siku 15 za kuendesha na 3 za mapumziko. Likizo ikiwa fupi kuliko hapo, anzia Morogoro au Dodoma badala ya kujilazimisha kilomita nyingi kwa siku.

Ratiba ya kila siku: uwe barabarani mara tu kunapopambazuka, ufike unakolala kabla ya saa 7 mchana. Asiyeweza kuamka mapema ajifunze hilo kabla ya kununua kitu chochote.

SWALI: Nina baiskeli ya baba aina ya Phoenix, nzima kabisa. Rafiki ananiambia niiuze ninunue ya gia ya mtumba. Nifanyeje? – Fundi mwashi, Kibaha

JIBU: Phoenix inafika Mwanza. Tatizo lake ni uzito, zaidi ya kilo 20 kabla hujapakia kitu, na gia moja. Hesabu meno: nyingi zina 46 au 48 mbele na 18 au 20 nyuma. Kwa 46 na 20, kila mzunguko mmoja wa pedali unakupeleka mbele karibu mita 5. Baiskeli ya gia yenye meno 24 mbele na 28 nyuma, tairi la inchi 26, inakwenda chini ya mita 2 kwa mzunguko. Pale Saranda, mmoja atapanda amekaa na mwingine atasukuma kwa miguu. Kusukuma si aibu, lakini kunakula muda wa baridi ya asubuhi.

Ukibaki na Phoenix, fanya mambo matatu. Badilisha friwili (gia ya meno ya gurudumu la nyuma), weka ya meno 22. Cheni huenda ikahitaji kuongezwa pingili. Badilisha pini za kota zinazoshika krenki (mikono ya pedali) zote mbili, ziwe za chuma kizuri, na uzikaze tena baada ya kilomita 50 za kwanza, kwa sababu pini mpya hukaa vizuri ikishabebeshwa uzito na nati yake hulegea. Ukiiacha ikiwa imelegea, pini inakatika mlimani. Tatu, angalia breki zake za fito (zinazovutwa kwa vyuma badala ya waya): rimu za chuma zikilowa hazishiki kabisa, kwa hiyo mvua ikinyesha kwenye mteremko, shuka utembee.

Ukinunua ya gia ya mtumba, soma namba ubavuni mwa tairi kabla ya kusoma jina la baiskeli. Ikiwa inaishia na 559, hilo ni la inchi 26 na utalipata kila soko kuanzia Chalinze hadi Misungwi. Ikiishia na 635, ni la Phoenix na wenzake, nalo linapatikana kila mahali. Ikiishia na 622 au 584, ni tairi utakalolitafuta kwa shida nje ya miji mikubwa. Beba moja la akiba na tyubu tatu. Wengi huvutiwa na baiskeli nyembamba ya kasi, halafu tairi linapasuka Ikungi na safari inasubiri mzigo kutoka Dar.

SWALI: Spoku za nyuma zinanikatika. Nilibadilisha tatu, nikaenda siku mbili, zikakatika nyingine mbili. Mzigo wangu ni kilo 25, wote kwenye keria. Fundi anasema spoku za siku hizi ni mbovu. – Msomaji, Nzega

JIBU: Ndugu yetu, spoku mbovu zipo, lakini hadithi yako ina sababu nyingine. Spoku haikatiki kwa kuvutwa tu. Inakatika kwa kulegea. Gurudumu likizunguka, spoku iliyo chini kwa wakati huo inapungukiwa na mvuto, na ikiwa tangu mwanzo ililegea, inalegea kabisa kisha inavutwa tena. Hilo linatokea mara moja kwa kila mzunguko, mamia ya mara kwa kila kilomita. Ni kama waya unaoukunja na kuukunjua mpaka unakatika, na ndiyo maana mkatiko karibu kila mara uko pale kwenye kona, inapoingia kwenye habu (kitovu cha gurudumu). Ukibadilisha tatu bila kukaza zilizobaki, umeziachia zile za zamani, zilizokwisha kuchoka, kazi yote.

Fanya hivi. Geuza baiskeli, shika spoku mbili mbili zilizo sambamba, zibinye kwa vidole. Zinatakiwa ziwe ngumu, karibu zisisogee. Kisha zigonge moja moja kwa kucha au kwa bisibisi usikilize. Za upande mmoja wa habu zinatakiwa zitoe mlio mmoja. Inayotoa mlio mzito, wa chini, imelegea. Kwenye baiskeli ya gia, za upande wa cheni zina mlio wa juu zaidi kuliko za upande wa pili. Hiyo ni kawaida yake, usilazimishe zifanane. Kaza kwa robo mzunguko, zungusha gurudumu, tazama rimu inavyopita kwenye raba za breki, kaza tena. Ukimaliza, zibinye zote kwa nguvu mbili mbili ili zijikalie, kisha pima tena.

Ikiwa zimekatika zaidi ya tatu kwenye gurudumu moja, usibadilishe moja moja. Suka upya gurudumu zima kwa spoku mpya. Ni gharama, lakini ni mara moja.

Ikikatika porini na huna spana ya friwili (za upande wa cheni nyingi hazitoki bila kufungua friwili), itoe iliyokatika au izungushie jirani yake isijenasa kwenye fremu. Rimu itakuwa imevutwa kwenda upande wa pili. Zitafute spoku mbili za jirani, moja kila upande wa pengo, zinazokwenda kwenye habu upande wa pili, uzilegeze nusu mzunguko kila moja mpaka rimu iache kugusa breki. Punguza mzigo wa nyuma, endesha taratibu hadi kwa fundi. Kabla ya kuondoka nyumbani nunua spoku nne za kila urefu. Kwenye baiskeli ya gia, za upande wa cheni ni fupi kwa milimita chache, na hapo ndipo mafundi wengi wa barabarani hukosa. Zifunge kwa utepe kwenye fremu, pamoja na nati zake. Spana ya friwili yako ibebe wewe mwenyewe, maana aina ni nyingi. Ile spana kubwa ya kuizungushia fundi yeyote anayo.

Na kilo 25 ni nyingi mno. Nguo seti mbili, shuka au blanketi jepesi (Dodoma na Singida usiku wa Juni na Julai ni baridi kweli), zana, maji, chakula cha siku moja: yote hayazidi kilo 12 hadi 15. Vizito viweke chini, ubavuni mwa gurudumu, si juu ya keria. Kilo 3 au 4 zihamie mbele kwenye hendeli. Kamba za tyubu kuukuu zinafunga vizuri kuliko kamba za manila, kwa sababu zinavutika zenyewe mzigo ukitulia. Miisho yake ichomeke ndani. Kipande kinachoning'inia kikiingia kwenye spoku, utaanza upya na barua hii.

SWALI: Pancha tatu asubuhi moja, kati ya Manyoni na Ikungi. Niliziba, nikajaza, baada ya dakika kumi limelala tena. Tyubu mbovu? – Msomaji, Singida

JIBU: Huenda tyubu ni nzima. Kipande hicho kina maadui watatu: miiba ya migunga, mbigili, na nyaya nyembamba zinazotoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka. Mbigili huziona kwenye tairi kama vijiwe vya kijivu na unazitoa. Waya wa lori huuoni. Ni mwembamba kama unywele, unapenya tairi, unabaki humo, na kila tyubu unayoziba unaitobolea mahali pale pale.

Kwa hiyo kazi ya kwanza baada ya kutoa tyubu ni kulitafuta lililotoboa. Chukua pamba, fungu dogo la kujaa vidole viwili, ulipitishe taratibu ndani ya tairi, duru nzima, kisha urudi kinyume. Pamba itanasa penye ncha. Kidole kisichojua kinaweza kupita juu yake mara tano bila kuhisi, au kikachomwa. Ukiupata, ng'oa kwa koleo au kikata kucha. Linganisha tundu la tyubu na mahali hapo. Yakilingana, umemaliza upelelezi. Ukikuta matundu mawili yaliyokaa sambamba kama kuumwa na nyoka, hakuna mwiba: upepo ulikuwa mdogo na rimu imebana tyubu kwenye shimo au jiwe.

Kiraka: sugua kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka mpaka mng'ao uishe. Paka solusheni (gundi ya viraka) tabaka jembamba. Ngoja. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Solusheni inatakiwa ikauke kwa kugusa, dakika tano hivi, ndipo kiraka kibandikwe. Kikibandikwa kibichi, joto la lami litakibandua, na hiyo yaweza kuwa ndiyo habari ya dakika zako kumi. Fanya kazi hiyo kivulini. Bonyeza kwa nguvu kuanzia katikati kwenda pembeni.

Na ikiwa tyubu yako ni ya valvu yenye kijimpira, kama za Phoenix, tema mate kidogo kwenye kidomo cha valvu kabla hujatoa chochote. Yakifanya povu, kijimpira kimekufa. Kinabadilishwa kwa dakika moja. Beba vitano au sita.

Mwisho, usishuke kwenye vumbi la kando isipokuwa kuokoa maisha yako. Mbigili zinaota huko. Ukilazimika kushuka, simama mara moja ukirudi lamini, ufute matairi kwa kiganja chenye glovu au kwa tambara kabla ya kusonga.

SWALI: Maji kiasi gani? Nilikunywa lita tano siku ya Bahi na bado niliishiwa nguvu, kichwa kikauma, miguu ikakaza. – Msomaji, Dodoma

JIBU: Lita tano zilikuwa sawa, ila zilikuwa maji matupu. Jasho linatoka na chumvi, na kunywa maji mengi bila kuirudisha kunaongeza udhaifu, tena kukizidi ni hatari. Kwenye joto la bondeni hesabu nusu lita hadi lita moja kwa kila saa ya kuendesha. Chupa moja iwe ya maji, nyingine ya mchanganyiko: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa kisu, si vya kulundika. Chumvi ikizidi hapo utatapika. Kunywa kidogo kidogo tangu kilomita ya kwanza. Mkojo ukiwa na rangi ya chai, umeshachelewa: kaa kivulini mpaka ubadilike.

Kuondoka Bahi kwenda Manyoni, beba lita 5 kamili. Kula kila saa na nusu, hata kama huna njaa: chapati, ndizi, karanga, kiazi kilichochemshwa na chumvi. Uji wa asubuhi wa mama lishe unafaa kuliko supu yenye mafuta mengi. Ukifika unakolala, wali na maharage, na sahani ya pili. Singida jipongeze kwa kuku wa kienyeji.

SWALI: Nina miaka 26, nataka kwenda peke yangu. Mama hataki hata kusikia. Nimwambie nini, na nijilinde vipi? – Binti wa Morogoro

JIBU: Dada, mama anaogopa kwa haki, na hatatulia kwa maneno. Mpe ratiba iliyoandikwa: kila siku unatoka wapi, unalala wapi, unampigia saa ngapi. Mkubaliane kwamba ukichelewa kupiga kwa muda wa saa mbili, na simu haipatikani, anampigia mtu fulani mliyemtaja. Nambari ya dharura ya polisi ni 112.

Fika mapema, kukiwa kweupe, upate nafasi ya kuchagua. Usimuulize kijana wa kwanza stendi. Muulize mama lishe au mwenye duka la dawa gesti gani ni tulivu. Kabla hujalipa, ingia chumbani ujaribu komeo kwa mkono wako. Beba kufuli lako dogo. Baiskeli inalala chumbani, na mwenye gesti akikataa, tafuta nyingine. Mahali pasipo na gesti, nenda kwa mtendaji au mwenyekiti wa kijiji, amkia, jieleze, omba ushauri wa pa kulala. Ukishapokelewa na mwenyekiti, wewe ni mgeni wa kijiji, na hiyo ni ngao kubwa kuliko kufuli.

Anayekuuliza njiani unalala wapi, mtajie mji ulio mbele zaidi ya ule unaolala, na umwambie wenzako wako mbele. Suruali ya kubana chini, kanga au kitenge begani cha kujifunga ukisimama kijijini. Nguo ya ndani isiwe na mshono katikati, na upake mafuta ya mgando kabla ya kupanda, si baada ya kuchubuka. Nguo ya kuendeshea ifuliwe kila jioni. Vidonda vingi vya makalio vinaanzia kwenye jasho la jana.

SWALI: Ningependa kupitia Mikumi na Iringa badala ya Dodoma. Kuna ruhusa? – Msomaji, Ifakara

JIBU: Barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa karibu kilomita 50, na tembo, nyati na simba huvuka. Usiendeshe baiskeli hapo. Panda basi Morogoro, baiskeli iwekwe kwenye buti au juu, ushuke Mikumi mjini uendelee kwa baiskeli. Mbele yako kuna mlima wa Kitonga. Huko kupanda ni kazi ya asubuhi, na kona zake ni nyembamba kwa malori. Ukisikia lori nyuma yako konani, shuka usimame nje ya lami.

SWALI: Mteremko wa Sekenke unatisha. Nishuke vipi na mzigo? – Msomaji, Iramba

JIBU: Juu kabisa, kabla ya kuanza, simama. Tazama raba za breki: mifereji yake ikiwa imefutika, badilisha hapo hapo. Vuta breki ya mbele ukisukuma baiskeli. Gurudumu la nyuma lianze kuinuka. Kaza mzigo.

Ukishuka, usibane breki mfululizo. Rimu inapata moto, moto unaingia kwenye tyubu, na tyubu yenye kiraka ndiyo inayoachia kwanza. Bana kwa nguvu sekunde mbili au tatu, achia, bana tena, mbele na nyuma kwa kupokezana, ukianza kubana kabla ya kona na si ndani yake. Nusu ya mteremko simama, karibisha kidole kwenye rimu bila kuigusa. Ukihisi moto, ngoja dakika kumi. Malori yanayoshuka na wewe yanatumia gia ndogo na yatakuwa nyuma yako. Yakikaribia, toka lamini uyapishe yote, mpaka la mwisho. Shelui iko chini hapo, chai ipo, na kutoka hapo hadi Igunga ni tambarare ya Wembere yenye upepo mgongoni.